Dereva, Setilaiti na Daraja Lisiloandikwa

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa serikali wa wilaya moja, katika mkutano wao wa mwisho wa mwezi. Tumeyachapa karibu yote kama yalivyosemwa. – Mhariri)



Nimepewa nusu saa nizungumze juu ya vifaa vinavyomwongoza dereva wa lori njiani kwa msaada wa setilaiti, na hasa juu ya namna vifaa hivyo vinavyoweza kumwepusha na barabara asizoruhusiwa kuzipita. Mtu aweza kuuliza: mambo hayo yanawahusu nini walimu na makarani? Je, si shauri la madereva na matajiri wao? Mimi pia nilikuwa na mawazo hayo hayo, mpaka usiku ule wa masika ya mwaka jana, ambao bila shaka wengi wenu mnaukumbuka.

Lori lenye tela, likiwa limebeba kontena, liliacha barabara kuu likashika njia ya shuleni. Lilipofika kwenye daraja letu dogo, magurudumu ya nyuma ya tela yalivunja ukingo, tela likalala nusu hewani na nusu mtoni. Hakufa mtu, tunamshukuru Mungu. Lakini kwa siku mbili watoto wa ng'ambo hawakufika shuleni, na mama mmoja mja mzito ilibidi avushwe kwa machela mahali ambapo maji yalikuwa ya magoti. Kila aliyefika pale alianza kwa kumtukana dereva, kisha ndipo akauliza kilichotokea.

Mimi nilimkuta dereva huyo asubuhi, amekaa chini ya mwembe pamoja na utingo wake, hawajala kitu. Alinionyesha simu yake. Juu ya kioo palikuwa na mstari wa buluu uliopita katika daraja letu pasipo wasiwasi wowote, kana kwamba ndiyo barabara ya kwenda Morogoro. Huko barabara kuu kulikuwa na msongamano, na simu ikampa njia ya mkato. Hakujitetea sana. Aliniuliza swali moja tu: "Mzee, kwani daraja hili linabeba tani ngapi?"

Sikujua. Mwenyekiti wa kijiji naye hakujua. Pale darajani hapakuwa na kibao. Nikaenda katika ofisi moja, ambayo sitaitaja, nikaonyeshwa faili. Ndani yake mlikuwamo barua za kuomba fedha za matengenezo, mihtasari ya vikao vitatu, hata orodha ya waliohudhuria vikao hivyo na posho zao. Tani hazikuwamo. Ndugu zangu, tangu siku ile nimeacha kumcheka dereva anayefuata simu. Simu ilimwambia yote ambayo yenyewe iliambiwa, na habari za daraja letu haikuwahi kuambiwa na mtu.

Kabla sijaendelea, yafaa tuondoe dhana moja ambayo nimeisikia hata kwa watu waliosoma. Wengi hudhani kwamba setilaiti inalitazama lori kutoka mbinguni, inaiona barabara na daraja, kisha inamshauri dereva. Haioni kitu. Mfumo wa Marekani uitwao GPS, ambao setilaiti yake ya kwanza ilirushwa mwezi wa Februari 1978, na ambao ulitangazwa kuwa umekamilika mwaka 1995, kwa kweli ni saa tu. Ni saa zenye usahihi wa ajabu, zinazoizunguka dunia zikiwa juu kiasi cha kilomita 20,200. Kila setilaiti hutangaza bila kukoma: mimi ni fulani, nipo mahali fulani, na sasa hivi ni saa fulani. Kifaa kilichomo garini huyapokea matangazo hayo kama redio inavyopokea taarifa ya habari, wala hakijibu neno. Hutazama muda ambao mawimbi yametumia njiani, na kwa kuwa mawimbi hayo huenda karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, hupata umbali. Walimu wa hesabu wataona mara moja ugumu wa kazi hiyo: kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde humsogeza dereva mita 300 kutoka alipo. Nao wataona kwa nini setilaiti nne zinahitajiwa kwa uchache, maana yasiyojulikana ni manne: latitudo, longitudo, kimo, na kosa la saa ya kifaa chenyewe, ambayo si saa ya thamani.

Hata usahihi tunaoufaidi leo hatukuwa nao siku zote. Jeshi la Marekani lilikuwa likiyavuruga kwa makusudi matangazo ya raia, kiasi cha mtu kuweza kukosea kama mita 100. Ni mwezi wa Mei 2000 ambapo Rais Clinton aliamuru uvurugaji huo ukomeshwe. Kwa kosa la mita 100 dereva asingeweza kujua yuko kwenye barabara kuu au kwenye njia ya nyuma ya soko.

Basi setilaiti humwambia dereva alipo, na kazi yake inaishia hapo. Mengine yote – kwamba hii ni lami, ile ni vumbi, kona ile ni kali, daraja lile ni la mbao – hutoka katika ramani iliyohifadhiwa ndani ya kifaa, nayo ramani hiyo iliandikwa na watu.

Ifikirieni ramani hiyo kama daftari kubwa la hesabu. Kila kipande cha barabara, kutoka njia panda moja mpaka nyingine, kina mstari wake. Katika mstari huo mna safu: urefu wa kipande, upande unaoruhusiwa kwenda, mwendo unaotazamiwa. Kisha, endapo kuna mtu aliyejitaabisha kuandika, mna safu za kimo cha juu kinachoweza kupita, uzito wa mwisho, upana, saa ambazo malori yamezuiliwa, na mizigo ya hatari isiyotakiwa. Kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya motokaa ndogo hakizitazami safu hizo za pili, maana motokaa ndogo hupita karibu kila mahali. Hutafuta njia ya haraka, basi. Kifaa cha lori huanza kwa kuuliza maswali: lori lako lina kimo gani, upana gani, urefu gani pamoja na tela, uzito gani kwa jumla, uzito gani kwa kila ekseli, na umebeba nini? Baada ya kujibiwa, hufuta kutoka katika daftari kila kipande kisichoafikiana na majibu hayo, ndipo kinapotafuta njia katika vile vilivyosalia. Tofauti baina ya vifaa hivyo viwili ni hiyo tu, na ni tofauti kubwa.

Lakini kuna jambo ambalo ningependa mlishike kuliko yote nitakayosema leo. Mashine inapokuta safu ya uzito iko tupu, hufanyaje? Binadamu mwenye busara angesema: sijui, ngoja niulize. Mashine aghalabu huusoma utupu huo kuwa ni ruhusa. Pasipoandikwa kitu, inasoma: pita. Hivyo dereva aliyenunua kifaa cha lori kwa fedha nyingi, akakijaza majibu yote kwa uaminifu, bado angeongozwa juu ya daraja letu kama yule mwenye simu.

Tuangalie wenzetu waliotangulia kuumia. Uingereza ni nchi yenye maelfu ya madaraja ya reli yaliyojengwa karne ya 19 juu ya barabara za mikokoteni ya farasi. Malori yalipokua, madaraja hayakukua. Shirika linalotunza njia za reli za Uingereza, Network Rail, lilihesabu zaidi ya mara 1,500 ambapo madaraja yake yaligongwa na magari katika mwaka ulioishia Machi 2024, yaani zaidi ya mara nne kila siku. Kila daraja linapogongwa, garimoshi husimamishwa au hupunguza mwendo mpaka fundi athibitishe kwamba reli haikuhama. Maelfu ya watu huchelewa kazini kwa ajili ya sentimita chache.

Mtu atasema, madereva wale ni wazembe. Mwaka 2018 shirika hilo hilo lilitangaza matokeo ya kuwauliza madereva wa malori: asilimia 43 walikiri kwamba hawalipimi gari lao kabla ya kuondoka. Sisi tusiwacheke. Hebu fikirini habari ya kontena. Kontena la kawaida lina kimo cha futi 8 na inchi 6, ambazo ni mita 2.59. Lipo lingine, refu kidogo, la futi 9 na inchi 6, yaani mita 2.90. Ukiyaona bandarini kwa mbali huwezi kuyatofautisha upesi. Dereva yule yule, na tela lile lile, jana alibeba la kwanza na leo amebeba la pili. Lori lake limeota sentimita 30 usiku, wala hapana aliyemwambia. Ikiwa hakuibadilisha namba iliyomo katika kifaa chake, kifaa kitampeleka kwa uaminifu kabisa chini ya daraja la jana. Halafu kuna futi na mita. Kwa miaka mingi vibao vingi vya madaraja ya Uingereza vilionyesha futi na inchi pekee, na dereva aliyetoka Poland au Hispania, aliyelelewa katika mita, ilimbidi apige hesabu huku usukani uko mkononi. Vibao vipya siku hizi huandikwa kwa vipimo vyote viwili. Mwalimu wa darasa la tano anayewafundisha watoto kugeuza vipimo, akaona wanapiga miayo, awasimulie habari hiyo.

Yapo pia makatazo yenye saa. Jiji la London, tangu mwaka 1985, limeyazuia malori ya zaidi ya tani 18 kupita ovyo katika mitaa ya makazi usiku na mwisho wa juma. Yanayo barabara zake maalumu, na nje ya hizo hutakiwa kibali. Njia iliyo halali saa nne asubuhi ni haramu saa nne usiku. Hapo kifaa kinapaswa kujua tarehe na saa ya kufika, si ya kuondoka.

Huko Marekani, katika mji wa Durham, jimbo la North Carolina, kuna daraja la reli lililopata sifa dunia nzima kwa kuchuna mapaa ya malori. Nafasi yake ilikuwa futi 11 na inchi 8, yaani mita 3.56. Palikuwa na vibao, palikuwa na taa za kumetameta. Mwaka 2016 wakaweka hata mtambo wa kupima kimo cha gari na kuwasha maandishi ya kumwambia dereva ageuze. Malori yakaendelea kugonga, hasa yale yanayokodishwa na watu wanaohama nyumba, ambao siku zote huendesha motokaa ndogo na hawana mazoea ya kufikiri juu ya paa. Barabara haikuweza kuchimbwa iende chini, kwa sababu bomba kuu la maji machafu limepita hapo. Mwishowe, mwaka 2019, wenye reli waliliinua daraja kwa inchi 8. Bado lori refu likipita linagonga. Nalitaja daraja hili kwa sababu linatuonyesha kuwa kibao pekee, hata kikiwa kikubwa namna gani, humfikia dereva akiwa amechelewa. Ameshaingia katika mtaa mwembamba, nyuma yake kuna magari kumi, na tela halirudi nyuma kama baiskeli. Faida ya kifaa cha lori ni kwamba humwonya kabla hajaondoka yadini, wakati ambapo kubadili shauri hakugharimu kitu. Kwa sababu hiyo mamlaka ya usalama wa magari ya biashara ya Marekani, mwaka 2013, ilitoa kijikaratasi cha kuwekwa mbele ya dereva, kikimshauri achague kifaa kilichotengenezwa kwa malori na asitumie kile cha motokaa.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi, kama neno kupenda linafaa, ni wa daraja la mto Skagit, katika jimbo la Washington. Daraja hilo la chuma lilijengwa mwaka 1955, na lilikuwa likipitisha zaidi ya magari 70,000 kwa siku katika barabara kuu inayokwenda Kanada. Tarehe 23 Mei 2013, jioni, lori kutoka Kanada lililobeba mzigo mkubwa kupita kiasi liliingia darajani likiwa upande wa kulia. Lilikuwa na kibali cha serikali ya jimbo. Mbele yake lilikuwapo gari la kutangulia, lenye fimbo ndefu ya kupimia kimo. Sehemu ya juu ya daraja lile ilikuwa na umbo la upinde: katikati nafasi ilikuwa kubwa, pembeni ikapungua. Mzigo ukagonga vyuma vya juu, kimoja baada ya kingine, na kipande kizima cha daraja kikaanguka mtoni. Magari mawili yalitumbukia pamoja nacho. Watu watatu waliokuwamo waliokolewa wakiwa hai, na mpaka leo watu husema ni bahati.

Wachunguzi walipokuja, waligundua kwamba lori hilo hilo, kwa mzigo huo huo, lingepita salama kama lingeshika upande wa kushoto. Nani alikosa? Dereva hakujua umbo la upinde ule. Aliyekuwa katika gari la kutangulia alikuwa akizungumza kwa simu. Daraja halikuwa na kibao cha kimo. Na kibali je? Kibali kilitolewa kwa njia ya kompyuta, nacho hakikuthibitisha kwamba mzigo ungepita chini ya kila daraja. Kazi hiyo iliachwa kwa msafirishaji mwenyewe. Maana yake, serikali ilikuwa na michoro ya daraja, na msafirishaji alikuwa na kipimo cha mzigo, na namba hizo mbili hazikukutana mpaka zilipokutana kwa kishindo. Sisi tunaopiga mihuri tuyatafakari hayo. Karatasi ilikuwa halali kabisa.

Sasa turudi kwetu. Hapa nchini kimo si shida kubwa kama uzito. Tangu Machi 2019 Tanzania inatumia Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyotungwa mwaka 2016. Uzito wa jumla wa mwisho ni tani 56, na ekseli moja yenye matairi manne haitakiwi kuzidi tani 10. Wengi huona mizani kama mahali pa kusumbuliwa. Basi nichukue tena chaki kwa dakika moja. Katika majaribio makubwa yaliyofanywa huko Illinois, Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960, wahandisi waliendesha malori mchana na usiku juu ya barabara za majaribio, wakaona kwamba uharibifu wa barabara hauongezeki sawa na uzito wa ekseli. Huongezeka karibu kwa kipeo cha nne. Chukueni tani 12 badala ya 10. Uzito umezidi kwa moja ya tano tu. Lakini 1.2 ikizidishwa kwa yenyewe mara nne hutoa 2.07. Tani mbili za ziada zimeitafuna barabara mara mbili. Wapeni wanafunzi wa kidato cha pili hesabu hiyo, mtaona wanavyoyatazama malori wakati wa kwenda nyumbani.

Mizani, hata hivyo, huilinda barabara kuu. Njia ya shuleni haina mizani. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS tangu mwaka 2000. Barabara za vijijini na mijini ziko chini ya TARURA tangu mwaka 2017. Dereva hajui mpaka huo ulipo, wala simu yake haijui. Barabara kuu ikiziba kwa ajali, mstari wa buluu hugeuka na kuingia katika makalavati na madaraja madogo ambayo aliyeyachora aliwazia trekta na basi la abiria. Zamani dereva mgeni alisimama akamwuliza mwenye kibanda cha chai, naye akamwambia, huko usipite, juzi fuso limezama. Maarifa hayo ya mwenye kibanda yalikuwa na thamani, na kwa kuwa hayakuandikwa mahali, mashine haiyajui. Sisemi turudi katika kuuliza vibandani. Saa nane za usiku kibanda kimefungwa.

Je, habari hizi huandikwaje katika ramani? Zipo ramani za makampuni, nazo hupokea habari kutoka serikalini pale serikali inapozitoa. Ipo pia ramani ya watu wote, iitwayo OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaweza kuisahihisha, na ambayo ina mahali pa kuandika kimo cha mwisho, uzito wa mwisho, na katazo la malori. Wala msidhani ni mambo ya Ulaya peke yake. Mwaka 2015 ulianzishwa Dar es Salaam mradi wa Ramani Huria, ambapo wanafunzi wa vyuo vikuu pamoja na wakazi wa kata zinazokumbwa na mafuriko walitembea mtaa kwa mtaa, wakiandika mifereji, njia na majengo katika ramani hiyo hiyo. Ikiwa vijana waliweza kuandika mfereji wa uchochoroni, daraja la njia ya shule halitawashinda.

Hapa lakini niwe mwangalifu, maana najua bidii ya walimu. Kimo cha daraja, upana wake, hata urefu wa kalavati, mwanafunzi na kamba anaweza kuvipima. Uzito hawezi. Daraja halipimwi kwa kulitazama, wala kwa kuona kwamba lori la mchanga lilipita jana likafika. Tani ni lazima zisemwe na mhandisi aliyeona chuma kilichomo na hali ya nguzo, na aweke saini yake. Mwanafunzi akiandika tani za kukisia, atakuwa ameiondoa ile safu tupu akaweka uongo, nao uongo uliomo katika ramani ni mbaya kuliko utupu, kwa sababu unaaminiwa.

Nimeulizwa kabla ya mkutano: dereva mwenyewe afanye nini? Nilimpa yule wa mwembe shauri langu, nanyi mkimwona ndugu au jirani anayeendesha, mpeni. Asitumie mpangilio wa motokaa ndogo katika safari ya lori. Apime kimo kutoka chini mpaka juu ya mzigo wenyewe, kila anapobadili mzigo, asitegemee kadi ya gari. Aione njia yote kabla ya kuwasha injini, na kifaa kikimpendekezea mkato usiokuwamo katika njia aliyoiona, aukatae mpaka asimame. Kibao cha barabarani na kifaa vikipingana, kibao ndicho chenye nguvu ya sheria. Hakuna hakimu aliyewahi kumfutia mtu shtaka kwa ushahidi wa mstari wa buluu, nijuavyo mimi. Na utingo apewe kazi ya kushika simu. Hapo yule utingo alicheka, akasema siku zote yeye hupewa kazi ya kulala.

Ila shauri hilo lote halimsaidii dereva mahali ambapo sisi hatukuandika. Ninachoomba si fedha nyingi. Kila ofisi inayotunza barabara ingekuwa na orodha ya karatasi moja: jina la daraja, mahali lilipo, tani, upana, tarehe ya kukaguliwa, jina la aliyekagua. Orodha hiyo ibandikwe ukutani ambapo mtu mwenye shida anaweza kuisoma bila kuandika barua. Inakiliwe katika kibao pande zote mbili za daraja, mita mia kadhaa kabla, mahali ambapo lori bado linaweza kugeuza. Na itumwe kwa wenye ramani, kila inapobadilika. Ofisi ikikosa mhandisi wa kukagua, basi safu ya tani isiachwe tupu. Iandikwe kwamba malori mazito hayaruhusiwi mpaka daraja likaguliwe. Huko ni kuwanyima watu njia kwa muda, najua, na wenye maduka watalalamika. Nao wana haki ya kulalamika, na malalamiko yao ndiyo yatakayomleta mhandisi upesi kuliko barua zangu.

Daraja letu lilitengenezwa mwezi wa Agosti. Ukingo ni mpya, saruji ni safi, na watoto wanapita. Yule dereva, nimeambiwa, tajiri wake alimwachisha kazi. Juzi nilisimama pale darajani nikatazama pande zote mbili. Kibao bado hakijawekwa, na katika simu yangu mstari wa buluu bado unapita hapo. Mwenyekiti ananionyesha saa. Miongoni mwenu namwona ndugu yetu wa idara ya ujenzi, amekaa safu ya nyuma. Nami ningependa maswali yafunguliwe kwa lile nililoulizwa mimi chini ya mwembe.